Mnambadilisha Mama Kuwa Nani?

6 Februari

Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na paka wako mwenye kisirani. Sisi huku tunaendelea. Mama hajambo ila magoti. Akipanda ngazi kwenda chumbani kwake anasimama ngazi ya saba, anajifanya anatazama picha ya Baba ukutani, kumbe anatafuta pumzi. Mimi napita pembeni najifanya sijaona.

Karakana ina kazi mpaka inamwagika. Siku hizi kila mtu anataka kubadilisha gari lake litoke kwenye petroli liende kwenye gesi. Tunafunga mtungi kwenye buti, tunapitisha bomba, tunafunga kifaa kimoja karibu na injini, basi. Lakini wateja wanavyoogopa! Jana mwalimu mmoja mstaafu amezunguka gari lake mara tatu, ananiuliza, "Fundi, litabaki gari langu lile lile?" Nikamwambia, mwalimu, injini ni ile ile, kilichobadilika ni chakula. Akaondoka anaendesha polepole kama amebeba mayai.

Sasa, kuna jambo dogo. Ofisi ya usajili inahamisha kumbukumbu zake zote za makaratasi na kuziingiza kwenye kompyuta. Wametoa muda hadi mwisho wa Juni. Kwenye lile bati la biskuti la Baba, ulilochukua baada ya msiba, kuna cheti cha kuzaliwa cha Mama. Cha zamani, kile halisi. Naomba unitumie kwa posta ya rejista. Nakala haitakubaliwa.

Usimpigie Mama kuhusu hili. Atajichosha bure.

Ni mimi mdogo wako.

*

24 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia mna kazi, na nimesikitika kuhusu magoti. Mwambie apake ile dawa niliyotuma, asiiweke kabatini kama urembo. Paka hajambo.

Nimekupigia mara nne tangu nipate barua yako. Mara zote nne ulikuwa chini ya gari. Nakuandikia kwa sababu karatasi haiwezi kusema iko chini ya gari.

Unasema nisimpigie Mama. Ulipoandika hivyo ulidhani nitafanya nini? Nimempigia jioni ile ile. Nimemuuliza, "Mama, cheti chako cha kuzaliwa kinatakiwa cha nini?" Akaniuliza kama nimekula. Halafu akasema, "Muulize mdogo wako." Mama, ambaye ukimuuliza habari za kuku anaanzia kwenye yai! Tangu lini akaishiwa maneno?

Kisha kuna hili. Mama wa cherehani, jirani yenu wa ng'ambo, amenipigia kunisalimu. Hanisalimugi. Katika kunisalimu akadondosha kwamba wiki mbili zilizopita kulikuwa na watu wawili uani kwenu na futi kamba, wanapima chumba cha chini, kile alichokuwa Baba akiwekea vitabu na redio zake. Na vitabu vimetolewa nje kwenye maboksi.

Gari unabadilisha. Chumba unabadilisha. Karatasi unataka kubadilisha. Naomba uniambie polepole, kama unavyomwambia yule mwalimu: kinachobadilika ni nini hasa?

Cheti kipo. Hakitoki hapa mpaka nijibiwe.

Dada yako

NB: Ukinijibu, tumia anwani hii mpya iliyo nyuma ya bahasha. Ile ya wodini usiitumie.

*

17 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako imechukua siku kumi na tisa. Nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Mama amepungua kidogo lakini anakula. Vitabu vya Baba havijaenda popote, viko juu chumbani kwangu, nalala navyo kama mke. Chumba cha chini namtengenezea Mama ili asipande ngazi. Hao watu wa futi kamba walikuja kupima dirisha, maana kile chumba kilikuwa na kidirisha cha kutolea mkono tu. Sasa kina dirisha la kweli, linatazama upande jua linapochomoza. Mama mwenyewe ndiye aliyechagua upande. Mwambie Mama wa cherehani kama anataka habari zaidi aje na kigoda chake akae uani, nitamletea maji.

Kuhusu cheti nimeshakwambia: usajili. Wazee wengi wana majina yaliyokosewa kwenye madaftari. Wanarekebisha. Sina zaidi ya hapo.

Na mimi nina maswali yangu. Anwani yako mpya nimeisoma: "Bohari Kuu ya Dawa, mlango wa nyuma." Wewe ni mfamasia wa wodi, umesomea miaka mitano, wagonjwa wanakuita daktari na wewe huwakatazi. Bohari umeenda kufanya nini, kuhesabu maboksi? Na ile likizo ya Machi uliyosema utakuja, Machi ndiyo hii. Mama ameuliza mara mbili. Mara ya tatu hakuuliza.

Tuma cheti, Dada. Nakuomba kama ninavyokuomba.

Mdogo wako

*

2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi ni mzima. Kazi ni kazi, iwe wodini iwe bohari, wanapanga wao. Tuache hilo.

Juzi nimefungua bati la Baba. Sikuwahi kulifungua tangu msiba, nilikuwa naliogopa. Nimekuta vyeti vyetu, kitabu chake cha pensheni, hati ya nyumba iliyoandikwa jina la Mama, karatasi yao ya ndoa. Nimekuta pia cheti kimoja cha kuzaliwa, kimekunjwa mara nne, kimetiwa ndani ya bahasha iliyogundishwa. Nimeifungua kwa mvuke wa birika.

Si cha Mama.

Ni cha mwanamke nisiyemjua. Jina la kwanza silijui, jina la baba yake silijui, na pale penye dini pameandikwa dini ambayo si yetu. Lakini tarehe ya kuzaliwa ni ya Mama, siku, mwezi na mwaka. Chini, penye sahihi ya mzazi, kuna alama ya kidole gumba.

Nimekaa na karatasi hiyo mezani siku mbili. Nimejiuliza kama Baba alikuwa na mwanamke mwingine. Nimejiuliza pia wewe uliitaka karatasi hii ya nini, maana ulijua ipo, ulijua na bati lake. Nikajijibu hivi: nyumba ina jina la Mama. Ukienda usajili na cheti hiki, ukasema jina la Mama lilikosewa, jina la kweli ndilo hili, wakaandika, basi yule mwenye hati ya nyumba atakuwa hayupo tena duniani. Atakuwapo mwanamke mwingine, mzee, mgonjwa wa magoti, anayelala chumba cha chini ulichomtengenezea wewe, asiyejua anatia kidole kwenye nini, na nyumba itakuwa yako.

Mnambadilisha Mama kuwa nani?

Nisamehe kama nimekosea, lakini sidhani. Nimemwandikia Baba Mkubwa. Nimemweleza chumba, cheti na nyumba, nimemwomba apite aone kwa macho yake. Barua nimeiposti kabla ya hii, ili usinishawishi.

Dada yako

*

20 Aprili

Dada,

Barua yako ilifika Jumanne. Baba Mkubwa alifika Jumamosi kabla yake. Sina salamu.

Alikuja asubuhi, mimi nikiwa uani naosha mikono kwa mafuta ya taa. Barua yako ilikuwa inachungulia kwenye mfuko wa shati lake. Hakunijibu shikamoo. Alipita moja kwa moja mpaka chumba cha chini, akafungua mlango bila kubisha.

Mama alikuwa anasali. Anasali kila asubuhi chini ya lile dirisha. Hasali kama tulivyofundishwa sisi na Baba, wala kama unavyowafundisha wewe watoto wa majirani huko kwako. Anasali kama watu wa kwao, wale waliomzaa. Ndiyo, Dada. Karatasi uliyoiweka mezani siku mbili ni ya Mama. Yule mwanamke usiyemjua ndiye aliyekunyonyesha.

Baba Mkubwa alisimama mlangoni. Mama alimsikia lakini hakukatiza. Alimaliza, akajifuta uso kwa kanga, akageuka.

"Umerudi huko?" Baba Mkubwa akauliza.

"Nimerudi, Shemeji."

"Tangu lini?"

"Kwa mdomo, tangu mwaka jana. Kwa moyo sijui, sikuweka tarehe."

Baba Mkubwa akapandisha sauti mpaka vioo vya dirisha vikalia. Akasema yeye ndiye aliyempokea akiwa binti wa miaka kumi na tisa, ndiye aliyesimama mbele ya wazee akasema huyu ni wetu sasa. Akasema ndugu yake yuko kaburini anasikia aibu hii.

Mama akamwambia, "Ndugu yako alinisikia miaka arobaini kupitia ukuta wa jikoni. Hakuniambia ninyamaze hata siku moja."

Basi Mama akaweka mkono kifuani, akakaa chini. Nilidhani amekaa. Alikuwa ameanguka. Nimempakia kwenye gari la mteja ambalo hata mtungi ulikuwa haujafungwa sawasawa. Amelazwa siku nne. Moyo, wanasema, ulikuwa umechoka muda mrefu tu. Sasa yuko nyumbani, anaongea, lakini midomo yake ina rangi nisiyoipenda.

Nikueleze sasa, maana hakuna tena cha kuficha. Mama alibadili dini ili aolewe na Baba. Wazee wa upande wa Baba ndio waliotaka, Baba akamwambia ni karatasi tu. Wakampa jina jipya, na kwenye madaftari akaandikwa upya. Watu wake hawakuja harusini. Mama yake alikufa miaka minne baadaye bila kumwona tena. Nimemuuliza kama muda wote huo alikuwa akitudanganya. Akasema, "Sikudanganya. Nilisali kweli, na dini ya baba yenu imenilea. Lakini kila nilipoogopa, maneno yaliyonijia mdomoni yalikuwa ya mama yangu."

Anataka azikwe alipolala mama yake. Wale wa makaburi ya kwao wanapokea kwa jina lililoko kwenye usajili. Na usajili ukishaingia kwenye kompyuta mwisho wa Juni, anayetaka kurudishiwa jina lake la zamani atazungushwa mahakamani miaka miwili. Mama hana miaka miwili, Dada. Daktari amesema hivyo kabla hata Baba Mkubwa hajaja.

Utauliza kwa nini hakukwambia. Mimi nilimuuliza pia, nikamwambia Dada ni msomi, ataelewa. Akanikumbusha siku ya harusi ya binamu yetu, yule aliyebadili dini akamfuata mume. Ulikataa kwenda. Ulikuwa jikoni kwetu, ukasema, "Anayeacha dini yake kwa ajili ya mtu, mimi nimeshamzika." Mama alikuwa anaosha vikombe. Anasema alikiosha kikombe kimoja mpaka maji yakapoa.

Kuhusu nyumba: hati unayo wewe, kwenye bati. Kaa nayo. Nisikufiche, niliwaza kwamba Mama akihamia chini, chumba chake cha juu nitaweka vifaa vyangu vya gesi. Hiyo ndiyo njama yangu yote. Sasa unaijua.

Mdogo wako

*

18 Mei

Dada,

Karibu mwezi mzima. Sijapata neno. Simu yako inaita mpaka inachoka.

Mama ameanza kutembea mpaka mlangoni. Anaulizia posta kabla ya kuulizia chai. Namwambia barua za huko zinachelewa. Ananitazama.

Kama umeamua kunizika na mimi, zika, ila tuma karatasi kwanza.

*

21 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako ya Aprili ilinifikia mwanzoni mwa mwezi huu. Nimeanza kukujibu mara nyingi nikachana. Ndani ya bahasha hii utakikuta cheti. Nimekitia kwenye nailoni, nikakibandika kati ya makadi mawili magumu. Hati ya nyumba nayo nimeitia. Sitaki tena kukaa nayo.

Umeniuliza kuhusu bohari. Nitakwambia, halafu utajua ulikuwa unaandikiana na nani.

Mwezi wa Januari aliletwa bibi mmoja kutoka zahanati ya pembeni. Alikuwa na maambukizi makali, alihitaji sindano ambayo kipimo chake hupigwa kwa uzito wa mgonjwa. Kwenye kadi yake waliandika uzito: mia na kumi. Mia na kumi nini, hawakuandika. Mizani ya zahanati ile ni ya zamani, inapima kwa pauni. Mimi nikasoma kilo. Nikapiga hesabu yangu safi, nikatia sahihi, bibi akapewa zaidi ya maradufu kwa siku tano. Kugeuza pauni kuwa kilo ni jambo la darasa la saba, mdogo wangu. Ninawafundisha wanafunzi wa mazoezi kila mwaka. Muuguzi mmoja alikuja dirishani kwangu siku ya pili akasema, "Daktari, huyu bibi ni kama unyoya, hii dozi ni yake kweli?" Nikamwambia, "Namba ndiyo inayosema."

Bibi alipona ugonjwa. Masikio yake hayakurudi. Hasikii.

Wameniweka bohari wakati wanachunguza. Sikukwambia wewe wala Mama, kwa sababu nyumbani mimi ndiye nisiyekosea. Likizo ya Machi niliikimbia, nilijua Mama angenitazama usoni mara moja angejua. Tangu siku ile siamini namba yoyote, karatasi yoyote, mtu yeyote. Nikadhani huko ndiko kuwa makini. Ulipoomba cheti nilikusoma kama nilivyoisoma kadi ya yule bibi. Kutoka mezani kwangu mpaka kitandani kwake ni hatua sitini. Sikwenda kumtazama. Kwenu ni siku moja na nusu ya basi, na Mama pia sikuja kumtazama.

Lile neno nililolisema jikoni nalikumbuka. Nililisema kwa kujisikia. Sikumwona Mama kama yupo.

Sitakudanganya kwamba nimefurahi. Mimi nitabaki katika dini niliyolelewa, na inaniuma kwamba aliyenifundisha sala za kwanza alikuwa na nyingine chini ya ulimi. Nimemkasirikia usiku na mchana, halafu nikajiona nimekasirikia binti wa miaka kumi na tisa. Lakini jina ni lake.

Baba Mkubwa nimemwandikia tena. Usiniulize nimemwandikia nini.

Dada yako

*

28 Juni

Dada,

Shikamoo. Nimeinywa barua yako kama dawa chungu. Kuhusu yule bibi sina la kusema la kukutosha. Nilitaka kukwambia ajali ni ajali, nikakumbuka hupendi kufarijiwa ovyo. Mama nimemsomea, yote, ulivyoandika. Aliniambia nirudie pale penye hatua sitini. Kisha akasema, "Huyu mtoto amekonda." Nikamwambia Mama, hii ni barua, umemwona wapi? Akasema amemwona.

Cheti kilifika salama. Jumatano tumekwenda usajili. Ofisi imejaa makabati yaliyofunguliwa midomo, madaftari yamerundikwa mpaka dirishani, na vijana wanne wanachapa kwenye kompyuta bila kuinua kichwa. Kijana mmoja anasoma jina, mwenzake anachapa. Mama alikaa anawasikiliza, ananinong'oneza, "Wanavyokimbia hivi, wangapi watatoka humo na majina yasiyo yao?"

Karani alikuwa mama mmoja mpole lakini mgumu. Aligeuza cheti, akakitazama kwa mwanga, akasema karatasi ni nzuri ila haitoshi. Anatakiwa shahidi aliye hai, aliyemjua Mama kwa jina lile kabla hajabadilishwa. Nani? Wazazi wake wamekufa. Kaka yake amekufa. Baba amekufa.

Nikasikia kikohozi nyuma yangu. Baba Mkubwa.

Dada, sikufichi, roho yangu ilisema huyu amekuja kuharibu. Alikuwa amevaa koti lake la misiba. Nilisimama kati yake na Mama kama mlango. Akanisogeza kwa fimbo yake, wala si kwa nguvu.

Karani akamuuliza, "Mzee, unamfahamu huyu mama?"

Akaegemeza fimbo yake kwenye meza. Vijana wa kompyuta wakaacha kuchapa.

"Namfahamu," akasema. "Jina hilo hapo kwenye karatasi ni lake. Siku anapewa hili jingine, kalamu nilishika mimi. Ni mwandiko wangu, fungua daftari lenu la mwaka ule utauona. Nilimwandika akiingia, leo namwandika akitoka. Lete hiyo kalamu."

Akatia sahihi. Akaharibu fomu ya kwanza, wakampa ya pili. Hakumtazama Mama hata kidogo.

Mama akamwambia, "Sijatoka, Shemeji. Mimi niko pale pale. Kesho uje unywe chai."

Akaenda zake. Kesho yake hakuja. Keshokutwa hakuja. Leo, Jumapili, alikuja. Alikataa kuingia ndani, akaketi kibarazani akanywa vikombe viwili, akasema sukari ni nyingi, akaondoka. Mama amekuwa akicheka peke yake tangu mchana.

Na bado nataka kujua ulimwandikia nini yule mzee. Hamna mtu aliyewahi kumgeuza Baba Mkubwa hata upande wa kulalia.

Hati ya nyumba nimeirudisha kwako humu ndani. Mama ametia kidole kwamba ni yetu sote wawili, na karani wa ardhi amegonga muhuri. Usianze kupima muhuri kwa darubini.

Mdogo wako

*

9 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Muhuri nimeupima. Uko sawa.

Kamati imekaa. Nitarudi wodini, lakini kwa mwaka mzima kila hesabu yangu itapitiwa na mtu wa pili. Yule muuguzi wa dirishani ndiye waliyempanga. Nimekubali kabla hawajamaliza kusema. Na nimekwenda kwa yule bibi, nyumbani kwake, na daftari la kuandikiana. Nilimwandikia mimi ni nani na nilifanya nini. Alisoma muda mrefu. Kisha akachukua kalamu akaandika: "Nilidhani ni Mungu." Nimekwenda tena mara mbili. Hanipendi, lakini ananifungulia.

Baba Mkubwa nilimwandikia sentensi moja tu, nayo inabaki kati yangu na yeye.

Likizo nimepewa. Nitafika tarehe tatu Agosti, basi la asubuhi. Nitalala popote, hata kwenye vitabu vya Baba, wewe uhamie karakana.

Kuna kitu kinanisumbua, nacho ni cha kipuuzi. Nimekaa na kile cheti mezani karibu miezi miwili, jina lile nimelisoma mpaka nimelizoea, lakini sijawahi kulitamka kwa sauti. Watu wa kwao watakuwa wanakuja kumtazama, watamwita hivyo. Mama wa cherehani ataendelea kumwita lile jingine. Mimi nikishuka kwenye basi, nikimwona, nimwite nani? Sitaki kukosea tena. Muulize mwenyewe, uniandikie alivyosema, neno kwa neno, usiongeze chumvi.

Dada yako

*

19 Julai

Dada,

Shikamoo. Nimemuuliza. Alikuwa chini ya dirisha lake, anachambua mchele. Nilimsomea swali lako lote, na ule wasiwasi wako wote.

Akaweka ungo chini, akanitazama kana kwamba nimemletea gari bila injini.

"Huyo mfamasia mzima," akasema, "miaka yote hiyo ya shule. Mwambie aniite Mama."